Uzi: Umekwama kwenye ubeti? Kagua melodi kabla hujalaumu kichwa

Kalamu ya Temeke (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda humu anatokea kijana analia kwamba mistari haiji, na ushauri anaopewa ni uleule: pumzika, nenda ufukweni, sikiliza muziki wa zamani, sali. Sina ugomvi na ufukwe. Ila huyo kijana kesho saa nne asubuhi ana studio, ameshatanguliza hela, na prodyuza hatamsubiri amalize kuangalia mawimbi.

Mimi naandikia watu nyimbo. Wanaonijia wengi huja wakiwa wameshakwama: wana biti, wana melodi wanayoiimba kwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na wana ubeti mmoja uliokatikia njiani. Nikikaa nao, naona mara nyingi kichwa hakina shida. Mtu ana la kusema, tena ukimwacha akusimulie kwa mdomo anasimulia mpaka unasahau chai yako. Kilichokwama ni melodi, kwa sababu ameitunga kwa umbo ambalo Kiswahili hakiingii.

Nifafanue. Siku hizi biti inatangulia. Unavaa hedifoni, unapayuka chochote mpaka upate melodi, halafu ndipo unatafuta maneno ya kujaza. Tatizo ni kwamba masikio yetu yamejaa muziki wa Wamarekani na Wanaijeria, kwa hiyo tukipayuka tunapayuka Kiingereza cha kubuni. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, sentensi inaweza kumalizikia kwenye noti moja nzito, juu, paa! Kiswahili si hivyo. Mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: u-PE-ndo, na-KU-ja, ba-ha-RI-ni. Silabi ya mwisho inalegea yenyewe.

Sasa chukua melodi inayomalizikia na noti moja nzito, uipachike "nakupenda". Hiyo "nda" inagongwa nyundo. Inasikika kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana anajifunza lugha. Huwezi kueleza kosa liko wapi, lakini sikio lako limeshakataa. Unafuta. Unaweka "nakuwaza", kosa lilelile. Unafuta tena. Ikifika usiku wa manane unaandika humu kwamba una ukame wa mistari. Huna ukame wowote. Umejaribu maneno mazuri kwenye tundu lisilo lake.

Na sasa mmejua kwa nini nyimbo zetu nyingi zinamalizia mstari kwa "wee", "eeh", "beibi", "yeah". Si mapenzi, ni kuziba noti.

Dawa yake ni mojawapo kati ya hizi. Ama ivunje noti ya mwisho iwe mbili, nzito kisha nyepesi, uone maneno yanavyoanza kuingia bila kusukumwa. Ama, kama unaipenda ile noti moja ndefu na hutaki kuigusa, tafuta maneno yanayomalizikia na irabu mbili zinazofanana. Hayo yakiimbwa yanakuwa kama silabi moja ndefu. Yapo mengi kuliko unavyodhani: taa, saa, njaa, balaa, shujaa, dagaa, bidhaa, juu, mguu, nafuu, karafuu, sikukuu, bidii, utii, hii, mzee, pekee, kioo, njoo. Mimi nina daftari zima la maneno haya, nayaokota kila ninapoyasikia.

Na ukipayuka, payuka kwa umbo la Kiswahili. Badala ya "neee na nai", sema "malembega turindana", upuuzi wowote ule, mradi mkazo uwe mahali pake. Siku ya kuweka maneno ya kweli utanishukuru.

La pili ni vina, nalo nitalileta baadaye kidogo, niko kwenye daladala.

mc_kibanda

Mkuu umeshusha nondo, lakini hapa unawaongelea waimbaji. Sisi wa kuchana, yaani wa rap, hatuna hiyo shida ya noti. Mimi nikikwama nakwama tu, biti inazunguka, kalamu imekauka.

Halafu hili la kupayuka halijaanza leo. Paul McCartney wa Beatles wimbo wake mmoja mkubwa kabisa aliubeba muda mrefu ukiwa na maneno ya mayai ya kuvuruga. Mayai! Na ukawa wimbo wa dunia. Kwa hiyo upuuzi unafanya kazi bila haya mambo ya mkazo.

Kalamu ya Temeke

Mkuu, mfano wako umenisaidia mimi. Yale mayai yalikuwa na silabi na mkazo sawasawa na neno la kweli lililokuja kukaa pale, "Yesterday", la lugha ileile. Alishika nafasi kwa kitu chenye umbo lake. Wewe unashika nafasi ya Kiswahili kwa kitu cha umbo la Kiingereza, ndiyo tofauti.

Kuhusu kuchana, nakuuliza: unaandika au unaanza na mdomo?

mc_kibanda

Naandika kwenye simu. Hapo umenigusa, maana wakati tunachana mtaani bila karatasi sikuwahi kukwama. Tulikuwa tunasimama duara, mmoja anapiga biti kwa mdomo, zamu ikikufikia huna pa kukimbilia, unasema unachokiona. Ukiona bodaboda, bodaboda inaingia. Ukishaanza kuandika kwenye simu unaanza kusahihisha kabla mstari haujaisha kuzaliwa.

Nimekumbuka sasa. Ngoja nijaribu kurekodi kwanza halafu ndipo niandike nilichosema.

Jicho Kavu

Mnajisumbua. Akili mnemba ipo, unaiambia "niandikie wimbo wa mapenzi", sekunde tu umepata beti zako. Karne hii bado mtu anakwama?

Kalamu ya Temeke

Mkuu, nimeshaletewa beti za namna hiyo nizitengeneze. Zilikuwa na "tunapendana", "tunashikana", "tutazeeshana". Ambayo inanirudisha kwenye lile la pili nililoahidi.

Kiswahili kina vina vya bwerere. Vitenzi vyetu karibu vyote vya Kibantu vinamalizikia na "a", na ukiweka kauli ya kutendana unapata "ana" hata ukiwa usingizini: pendana, gombana, achana, rudiana, sahauliana. Ukitaka "wa" unakwenda kauli ya kutendwa, ukitaka "isha" unapachika. Wenye lugha nyingine wanahangaika kutafuta kina, sisi vinatufuata mpaka chumbani. Ndiyo maana beti ya kwanza inatoka kwa dakika chache, halafu ya pili inagoma: umeshamaliza jambo zima kwa vitenzi, hakuna kitu kilichoshikika, hakuna mtu, hakuna mahali. Pendana, gombana, achana, wimbo umekwisha mstari wa tatu! Utaandika nini tena?

Kwa hiyo mtu akija kwangu na ubeti uliokwama, jambo la kwanza naangalia mwisho wa mistari. Nikikuta vitenzi vitupu nampa sharti: mistari yako yote imalizie kwa nomino. Kitu, mtu au mahali. Ukilazimika kumalizia na "sahani" au "kituoni" au "wali", ubongo wenyewe unaanza kuuliza, sahani ya nani? Ikoje? Wimbo unapata nyama.

Dogo wa Kigamboni

Kaka shikamoo. Mimi ndiye huyo unayemsema, umenichora kabisa. Nina biti ya taratibu, nimepata na melodi, nimeandika hivi:

*Tulipendana, tukashibana,*
*Leo hatuonani, tumetengana,*
*Nikikumbuka tulivyofurahiana,*
*Moyo unauma…*

Hapo nimeganda. Ni karibu mwezi. Studio nimeshalipia nusu. Na melodi ya kiitikio inamalizikia kwa ile noti moja ndefu uliyoisema, naimba "yeee". Naomba msaada wenu wakuu.

mc_kibanda

😂😂 Dogo, ana ana ana. Pole.

Kalamu ya Temeke

Marhaba dogo. Usimcheke, wote tumepita hapo, hata hao mnaowaona kwenye runinga.

Kabla ya mstari wowote nijibu: nani anamwambia nani? Na huyo wa pili yuko wapi sasa hivi, wakati wimbo unaimbwa?

Dogo wa Kigamboni

Ni mpenzi anamwambia mpenzi wake kaondoka. Ila kusema ukweli wimbo ulianzia kwa dada yangu. Yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Mwanzo alikuwa anapiga simu kila jioni, siku hizi mpaka wiki inapita. Nikaona wimbo wa dada hautauza, nikageuza uwe wa mapenzi.

Kalamu ya Temeke

Ndipo ulipokwama hapo. Jambo lilikuwa na mwenyewe, ukalivua nguo ukalivalisha za mpenzi ambaye hayupo. Huyo mpenzi humjui, hujui anakula nini wala amevaa nini, kwa hiyo ukifika mstari wa nne huna cha kuchukua. Dada yako unamjua.

Na hili la "hautauza" tuliache. Siti binti Saad na kundi lake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri za kampuni ya HMV, na nyimbo zake nyingi zilitokana na mambo yaliyotokea mjini Unguja, hadi kesi za mahakamani. Watu walizinunua. Remmy Ongala aliimba kifo, aliimba umaskini, na ukumbi ulijaa. Mapenzi yanauza, sawa, lakini yanauza yakiwa na watu ndani yake.

Tuambie ya dada. Usiandike mashairi, tusimulie tu kama unaongea na jirani.

Dogo wa Kigamboni

Sawa kaka. Yeye kule wametuzidi saa moja. Kwa hiyo sisi ikiwa saa mbili usiku ndio tunakula, yeye kule ni saa tatu, na zamani ndio ulikuwa muda wake wa kupiga maana mabosi wanakuwa wamemaliza kula. Mama mpaka leo anaweka simu mezani pembeni ya sahani. Viatu vyake vya Jumapili vipo mlangoni, hakuna aliyevitoa. Mama akipakua bado anakosea anapakua na ya kwake.

Mwana Mvita

Huyu mwana kashamaliza wimbo wake, hajui tu.

Assalaam alaykum. Nawasoma tangu jana kutoka Mombasa. Mimi ni wa zamani kidogo, kwetu mtunzi na muimbaji si lazima wawe mtu mmoja. Marehemu Juma Bhalo aliimba maneno ya binamu yake Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita. Mmoja kazi yake neno, wa pili kazi yake sauti. Nyinyi vijana mwataka kila kitu kifanywe na kichwa kimoja usiku mmoja, kisha mwashangaa kukwama.

Nikikwama mimi huenda kwenye tarbia. Mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Watu hudhani sheria ndizo zinazomfunga mtunzi. Mimi huona ukurasa mtupu ndio unaofunga, kwani waweza kusema lolote, basi husemi. Ukiambiwa nataka neno la silabi tatu linaloishia na "tu", unaanza kupekua: viatu, msitu, watatu. Huna nafasi ya kukata tamaa, una kazi mkononi.

Nimechukua maneno ya mwanangu huyu, sikuongeza ila kidogo:

*Kwako imetimu tatu, kwangu bado saa mbili,*
*Vimebakia viatu, mama kapakua wali,*
*Tumekula peke yetu, sahani yako kwa mbali,*
*Simu haitoi kitu, dada nijulishe hali.*

Hesabuni mizani.

mc_kibanda

Nimehesabu kwa vidole. Nane nane yote. Mzee wangu heshima yako. "Kwako imetimu tatu, kwangu bado saa mbili" hiyo ni hook kabisa.

Jicho Kavu

Sawa, nakubali hii ni kali. Ila nani anasikiliza tarbia kwenye biti ya taratibu?

Kalamu ya Temeke

Mzee, shikamoo. Umetuonyesha kazi.

Jicho Kavu ana hoja. Tarbia ikiingia nzima kwenye biti ya siku hizi inaweza kusikika kama kughani. Lakini mimi huitumia kama ghala. Dogo, hapo umepewa mistari minne ambayo kila mmoja una kitu cha kushika. Huna haja ya kuiimba ilivyo. Ichukue saa, viatu, wali, sahani, simu. Hivyo ni vitu vitano, na wimbo wa dakika tatu hauhitaji zaidi. Ubeti wa kwanza upe viwili, wa pili viwili, na saa iache kwenye kiitikio irudi kila mara.

Kwa kiitikio chako chenye noti ndefu mwishoni, hutaweza kumalizia na "mbili" kwa sababu mkazo uko kwenye "mbi" na "li" inadondoka. Kwa hiyo rudi kwenye lile daftari la irabu mbili. Saa, taa. Jaribu:

*Kwako zimezimwa taa,*
*Mimi macho hii saa.*

Iimbe hiyo na "yeee" yako uone. Ukipenda, mstari wa mzee wa "kwako imetimu tatu" uweke kabla, pale ambapo melodi haijapanda, kwa noti mbili mbili.

Nota za Kwaya

Bwana asifiwe wapendwa. Nachungulia kutoka upande wa kwaya. Sisi shida yetu ni tofauti kidogo kwa sababu maneno mara nyingi yapo, Zaburi imeshaandikwa. Kazi ni kuyapa sauti. Nami nathibitisha jambo la mkazo la mleta mada: zipo nyimbo nyingi za ibada zilizotafsiriwa zamani ambazo tuni ni ya Ulaya na maneno ni yetu, na ukisikiliza vizuri mkazo unaanguka pasipo pake mstari hadi mstari. Tumezizoea tu tangu utotoni hatusikii tena.

Ninavyofanya: nasoma andiko kwa sauti kama msomaji wa somo kanisani, polepole, mara nyingi. Sauti ya kuongea yenyewe inapanda na kushuka. Naandika kwa solfa pale inapopanda na pale inaposhuka, d r m f s, hivyo hivyo bila kupamba. Hapo nimepata sauti ya kwanza, na haigombani na neno kwa sababu imetoka kwenye neno. Ya pili, ya tatu na ya nne zinafuata. Sijawahi kuona kichwa kimekuwa kitupu mbele ya andiko lililosomwa kwa sauti. Kinakuwa kitupu nikikaa kwenye kinanda kutafuta tuni nzuri hewani.

Na wanakwaya wakishajua kwamba Pasaka ni lini, nyimbo zinaandikika. Msidharau tarehe.

Mwana Mvita

Na msisahau kujibizana. Enzi za mshairi Muyaka, watunzi wa Mombasa na wa Lamu walirushiana mashairi wakati wa uhasama wa miji yao. Ukitukanwa kwa shairi huna nafasi ya kusema leo sijisikii kutunga! Mtu akikosa la kuanzia, na atafute wimbo unaomuudhi aujibu.

Kalamu ya Temeke

Hilo ni kweli tupu. Miaka ya tisini hapa Dar, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vinashindana kwenye taarabu, kila upande ulikuwa unasubiri mwenzake atoe wimbo ili upate cha kujibu. Mipasho ilijiandika. Watu wakasema ni ugomvi, mimi naona ilikuwa pia ni kiwanda. Ukiwa na wa kumjibu unajua tayari nani anamwambia nani, na hilo peke yake ni nusu ya kazi.

Hata kanga inasaidia. Ukikosa mstari wa kuanzia, soma maandishi ya kanga zilizoanikwa mtaani kwenu, kisha jiulize aliyeivaa alikuwa anamwambia jirani yupi.

Binti Wino

Samahani kaka, mimi naona mnaifanya kama kila kukwama ni ufundi. Mimi naandika nyimbo tangu sekondari, nilikuwa siijui hiyo kukwama. Baba alipofariki mwaka jana niliacha. Si kwamba melodi mbaya au vina, nikishika kalamu sitaki. Na watu wananiambia "andika wimbo wa baba, utapona". Siwezi.

Kalamu ya Temeke

Pole sana dada yangu, Mungu amrehemu mzee. Hilo silo ninalolizungumza mimi, na sitalichanganya na mambo ya noti. Kwenye msiba hakuna deni la wimbo. Watakaokwambia uandike ili upone waache wapite.

Kitu kimoja tu naweza kusema kama mfanyakazi: kama mkono unakuwasha lakini hutaki kugusa la kwako, andikia mwingine. Wimbo wa harusi ya binamu, tangazo la duka, wimbo wa watoto wa shule ya chekechea. Usiokuhusu kabisa.

Nota za Kwaya

Pole binti. Kwetu mwanakwaya aliyefiwa hukaa kwenye viti na waumini mpaka mwenyewe aseme nimerudi. Hakuna anayemuuliza.

Binti Wino

Asanteni. Wa chekechea naweza kujaribu, mwanangu yuko huko huko. 😅

mc_kibanda

Narudi na mrejesho. Nilifanya nilivyosema, nikarekodi mdomo kwanza. Nilisimama dirishani nikachana kila ninachokiona chini: fundi viatu, mama wa maandazi, mwendokasi imejaa watu mpaka mlangoni. Nusu ni takataka. Nusu ni ubeti, na mzuri kuliko nilivyoandika mwezi mzima kwenye simu. Halafu nikaenda kukagua mwisho wa mistari kama alivyosema mkuu, nikakuta vitenzi karibu vyote, nikabadilisha kama mitatu tu ikawa nomino. Unasikika mwingine kabisa.

Ila mkuu kuna sehemu sikubaliani na wewe. Umesema mkazo ni silabi ya pili kutoka mwisho. "Lazima" je? Sisi tunasema LA-zima. Na A-frika?

Kalamu ya Temeke

Uko sahihi, yapo maneno machache yaliyokuja na mkazo wake, na hayo ni dhahabu kwa mtu wa kuchana kwa sababu yanavunja mwendo bila kuvunja lugha. Mimi nilitoa kanuni ya maneno mengi. Sikio lako la mtaani ndilo hakimu: sema mstari kama unaongea, kisha uchane. Kama mkazo umehama, kuna kitu umelazimisha.

Jicho Kavu

Swali la kizushi. Mbona wasanii wakubwa wanalazimisha makusudi na inapendeza? Kuna hit kibao neno limevutwa mwishoni mpaka basi.

Kalamu ya Temeke

Si la kizushi. Kuvuta makusudi ni mapambo, na kunafanya kazi pale msikilizaji ameshakuamini, kwa kawaida kwenye kiitikio, neno moja tu. Muziki wa dansi ulikuwa na hekima yake hapa: sehemu ya kwanza inasimulia taratibu, maneno yanasikika kama yanavyosemwa, halafu linakuja chemko ambapo unaweza kuvuta, kurudia na kuitikia unavyotaka kwa sababu hadithi imeshafika. Vijana wetu wanaanza na chemko mwanzo hadi mwisho, hakuna hadithi iliyotangulia. Kisha wanakwama kwenye ubeti wa pili kwa sababu ubeti wa kwanza haukuacha kitu cha kuendeleza.

Nadhani pia tulipoteza kitu bendi zilipopungua. Mtunzi alikuwa analeta maneno na sauti ya kuanzia mazoezini, wenzake wanajenga: mpiga solo anaongeza, mwimbaji mwingine anasema mstari huu haukai kinywani, badili. Kukwama kulikuwa kwa watu saba, si kwa mmoja aliyejifungia na kompyuta. Ndiyo maana uzi huu umeniburudisha, umekuwa kama mazoezi.

Dogo wa Kigamboni

Kaka, mzee, wakuu wote. Nimeijaribu. "Kwako zimezimwa taa, mimi macho hii saa" imeingia kama ilikuwa inasubiriwa. Ubeti wa kwanza nimeweka viatu na wali. Ubeti wa pili nimekwama kidogo, lakini safari hii najua nakwama wapi: nataka kusema mama anapakua sahani ya ziada, melodi inataka silabi sita na mimi nina kumi na nne.

Mwana Mvita

"Sahani ya dada." Sa-ha-ni ya da-da. Sita.

Dogo wa Kigamboni

Mzee!! Hakuna hata kitenzi na imeeleweka.

Sasa naomba kuuliza, maneno haya nusu ni yenu. Nikirekodi niandike mtunzi nani? Sitaki kesho kutwa kuwe na maneno.

Mwana Mvita

Mimi nimekupa sadaka mwanangu. Mstari wa saa uwe wako, mlipe dada yako kwa kumpigia simu wewe badala ya kumngoja.

Kalamu ya Temeke

Mimi ile mistari miwili ya kiitikio nimekuachia pia. Lakini usiifanye hii kuwa desturi. Huko mbele ukikaa na mtu studio akakupa hata mstari mmoja wa kiitikio, kubalianeni kabla ya kurekodi nani kaandika nini na kila mmoja anapata asilimia ngapi, muandike kwenye karatasi au hata ujumbe wa simu ambao wote wawili mmejibu, halafu usajili majina yote COSOTA, kwenye ofisi ya hakimiliki. Wimbo usipotoka hakuna anayekumbuka. Ukitoka ukapendwa, kila aliyekuwa mlangoni siku ile atakuwa mtunzi.

Melodi ya ubeti wa pili ukiirekodi nitumie inbox nisikie hiyo "sahani ya dada" imekaaje. Nina wasiwasi na "ya" pale, isije ikaangukia kwenye noti nzito.

mc_kibanda

Na mimi nitumie. Nina nafasi ya mistari minane kabla ya kiitikio cha mwisho, kama dogo hana shida na mchanaji. Bure, ila jina langu liwepo kwenye karatasi.

Dogo wa Kigamboni

Karibu kaka. Ila usimalizie na "ana".